Njiti ya Kibiriti kwenye Shingo ya Gitaa

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na kipande cha kanga kuukuu, pindo tu lililobaki, na kazi yake ilikuwa moja: kunifunga mkono wa kushoto wakati wa kula. Alinifunga kwa upole, mkono nyuma ya mgongo, fundo la kuvuta mara moja likafunguka. Tulikuwa Wete, Pemba. Sahani moja ya wali kwa samaki inawekwa katikati ya jamvi, mikono ya kulia ya nyumba nzima inaingia, na wangu wa kushoto unapapatika huko nyuma kama kuku wa kupelekwa sokoni. Simlaumu. Mkono ule ni wa chooni, na mtoto anayeutia katika sahani ya watu anaitia aibu nyumba yao. Chuoni, kwenye Kurani, nikafundishwa kushika kalamu kwa kulia, skuli vivyo hivyo, na mpaka leo naandika kwa kulia na nakula kwa kulia. Lakini nikiokota jiwe kulenga embe, mkono unaotangulia ni ule uliofungwa.

"Mkono wa baba'ko huo," bibi alikuwa akisema huku akikaza fundo. Wakati huo lilikuwa neno la mapenzi tu, kwa sababu baba alikuwa amekaa palepale, anacheka, anamega tonge lake kwa kulia kama watu wote. Baba alikuwa fundi wa mashua. Kazini alishika tezo, chombo chake cha kuchongea mbao, kwa mkono wa kushoto na hakuna aliyemkemea, maana mbao zake zilikaa sawa na maji hayakuingia.

Mwaka 1994 nilirudi kutoka skuli nikakuta tezo haipo ukutani. Ukuta wa chumba kile ulikuwa umeshika moshi miaka mingi, kwa hiyo pale ilipokuwa ikining'inia palibaki alama nyeupe yenye umbo lake kamili, mpini na kichwa. Msumeno haupo, kekee haipo, na lile kopo la mafuta ya sifa ya kupaka mashua, ambalo harufu yake ilikuwa harufu ya baba, halipo. Nilikuwa na miaka tisa. Hakuna mtu mzima aliyeniambia kitu. Walinong'ona, wakanipa mkate wa kumimina katikati ya mchana kama vile ni Sikukuu, na neno talaka nililisikia siku ya tatu kutoka kwa watoto wenzangu kisimani.

Baada ya hapo nikawa mtoto wa kupokezanwa. Mama aliolewa Unguja na nyumba ya mume haikuwa na nafasi yangu. Nikakaa kwa bibi, kisha kwa mama mdogo Chake Chake, kisha kwa bibi tena, kisha nikatiwa melini bandari ya Mkoani na begi la plastiki kwenda kwa mjomba, Michenzani, mjini Unguja. Na kila nilipofika mahali, mkono wangu wa kushoto ukikosea, neno lilikuwa lilelile la bibi, ila sasa liliponiangukia liliuma. "Mkono wa baba'ko huo."

Gitaa langu la kwanza lilikuwa dumu la mafuta ya kula la lita tano, na shingo ya ubao niliouokota kwenye uwanja wa mashua. Nyuzi nyembamba zilikuwa mshipi wa kuvulia. Zile nene nilizipata kwa kuuzongoa waya wa breki ya baskeli, maana waya ule ukiufungua ndani yake mna nyuzi nyingi za chuma, na ukisokota mbili au tatu pamoja unapata sauti ya chini. Vidole vilikuwa vikichanika. Nilikaa nalo nyuma ya nyumba ya bibi, nikalishika vile mwili ulivyotaka, mkono wa kushoto ukichapa nyuzi, wa kulia ukibana shingoni. Nikasubiri mtu anigombeze. Hakuna aliyegombeza. Adabu ya kula ipo, adabu ya kalamu ipo, lakini hapakuwa na mtu pale aliyejua gitaa linashikwa kwa mkono gani, na kwa mara ya kwanza mkono ule ukaachwa ufanye kazi.

Michenzani nilifika 1999 kwa ajili ya masomo ya sekondari. Yale majumba marefu yenye ghorofa, ukiwa umetoka Wete, yanakutisha. Unasikia majirani wa juu wakitembea kichwani mwako. Binamu yangu alikuwa akifanya kazi kwenye hoteli moja pwani ya kaskazini, na siku moja alileta boksi la vitu vilivyoachwa na wageni: vitabu vilivyovimba kwa maji ya bahari, miwani ya jua, majarida, na kaseti isiyo na gamba. Nikaitia kwenye redio ya mjomba. Nimekulia kwenye taarab na kasida, najua sauti ya mtu anayeomboleza kwa ustaarabu. Hii ilikuwa sauti ya mtu anayepasuka. Wimbo unaanza kimya, gitaa linanong'ona, halafu ghafla linanguruma na yule mtu anapiga kelele mpaka koo linakwaruza. Sikuelewa hata neno moja, nikakaa chini sakafuni. Mjomba akaja akazima, akaniuliza, "Wewe, huyu anaumwa?"

Ndiyo, alikuwa anaumwa. Lakini hilo nilikuja kulijua vizuri baadaye.

Katika moja ya yale majarida nikaiona picha yake, na kitu cha kwanza kilichonishika ni gitaa. Lilikuwa limegeuka. Analipiga kwa mkono wa kushoto. Niliikata picha ile nikaitia ndani ya Msahafu wangu, kisha nikaona si adabu, nikaihamishia kwenye daftari la jiografia. Jina lake Kurt Cobain. Nilijifunza Kiingereza kwa kumsoma yeye, kamusi mkononi, kisha Mji Mkongwe walipoanza maduka ya intaneti ya kulipia kwa nusu saa, pesa zangu za daladala ziliishia humo na nikawa natembea kwa miguu.

Nilichokisoma kilinitetemesha. Alizaliwa 20 Februari 1967 katika mji wa Aberdeen, jimbo la Washington, Marekani, mji wa wakata mbao wenye mvua isiyokatika. Wazazi wake waliachana 1976, akiwa na miaka tisa. Tisa, kama mimi. Alieleza mwenyewe kwamba jambo lile lilimbadilisha, kwamba aliona haya mbele ya wenzake skuli wenye wazazi wawili. Akapokezanwa kutoka kwa mama kwenda kwa baba, kutoka kwa baba kwenda kwa jamaa na rafiki, na skuli hakuimaliza. Alipotimiza miaka kumi na nne, mjomba wake alimpa achague: baskeli au gitaa. Akachagua gitaa, kuukuu. Mwaka 1987 akaanzisha bendi ya Nirvana na rafiki yake Krist Novoselic, na albamu yao ya kwanza ya 1989 iligharimu dola 606 na senti kidogo kurekodi. Ile iliyofuata, ya 1991, ilipindua muziki wa roki wa dunia nzima. Roki mbadala, kama walivyoiita, ilikuwa muziki wa vijana wasiotakiwa. Ghafla ikawa inapigwa kila redio.

Katika Mji Mkongwe huuhuu nilimokuwa nikitembea alizaliwa mwimbaji mwingine mkubwa wa roki, Freddie Mercury, 5 Septemba 1946, jina lake la nyumbani Farrokh Bulsara. Shangani watembeza wageni wanaonyesha nyumba na wageni wanapiga picha. Naye alipelekwa mbali mdogo, miaka minane hivi, skuli ya bweni Panchgani, India, na baada ya Mapinduzi ya 1964 familia yake ikahamia Uingereza. Nilipokuwa nikipita pale sikuwa nikiwaza umaarufu wake. Nilikuwa nikiwaza begi lake. Nani alilifunga, na alipolifungua huko alikokwenda alikuta nini kimesahauliwa.

Pesa za gitaa la kweli nilizipata kwenye karafuu. Msimu ulipokuja nikavuka kurudi Pemba, nikachuma nikilipwa kwa pishi, nikachambua usiku mpaka kucha zikawa nyeusi na harufu haitoki hata ukijisugua kwa ndimu. Mwaka 2003 nikanunua gitaa la umeme, la mtumba, na amplifaya ndogo iliyokuwa ikipasuka sauti. Gitaa lilikuwa la mkono wa kulia, kama magitaa yote ya soko la Darajani na duniani karibu yote. Nikaligeuza na kuzipanga nyuzi upya, ile nene ije juu.

Nieleze kidogo hapa, maana jambo hili lilinitesa miaka kumi. Juu shingoni mwa gitaa pana kipande kidogo cheupe chenye mifereji sita. Kila mfereji umechongwa kwa upana wa uzi wake. Ukigeuza gitaa, uzi mnene unakuta mfereji mwembamba, haukai, unapanda juu juu. Uzi mwembamba unakuta mfereji mpana, unacheza humo ndani, na ukiuchapa unatetema na kulia kama nzi aliyenaswa kwenye chupa. Dawa niliyoipata ilikuwa kukata kipande cha njiti ya kibiriti na kukipachika chini ya uzi. Kinakaa wiki mbili, kinadidimia, unakata kingine. Na ukiiweka amplifaya kwenye ile sauti ya kukwaruza na kunguruma, kulia kule hakusikiki tena. Kunamezwa. Nikapenda kunguruma kwa sababu hiyo pia.

Na hapa ndipo nilipopotea. Nilikuwa nimemsoma Cobain kwa moyo wote na nikamwelewa kinyume. Nikajipigia hesabu: wazazi waliachana, akapokezanwa, akaumia, akatunga. Mimi wazazi waliachana, nikapokezanwa, nimeumia. Basi uchungu huu ndio mtaji wangu, na mtaji hauchezewi. Nikawa nauchunga. Nyimbo zilikuja kweli. Mmoja ulikuwa na mistari hii:

Ukutani imebaki
tezo isiyokuwepo.

Baba alikuwa akiniandikia. Alihamia Mkoani, akajenga kibanda chake cha kazi pale, na kila miezi michache alimpa baharia barua na kifurushi cha pweza mkavu. Pweza nilimpa mke wa mjomba. Barua nilizisoma, nikazikunja, sikujibu hata moja. Mwandiko wake ulikuwa wa kulazimishwa, wa mtu aliyefundishwa kalamu kwa mkono usio wake, sawasawa na wangu, na nikiutazama nililainika. Lakini nikilainika tu naingiwa na hofu: nikimsamehe huyu, nitaimba nini? Nasema hili kwa sababu najua wapo vijana wanaofikiri hivyo hivi sasa, wanaokaa na jeraha lao wakilikwaruza kila likianza kukauka.

Bendi yetu ilianza 2005, watu wanne. Mpiga besi alikuwa rafiki yangu wa mtaa wa Ng'ambo, mtu wa kicheko, vidole virefu, aliyeweza kukaa na sauti moja ya besi dakika nzima na ukaona nyumba imetulia. Zanzibar hapakuwa na pa kupigia roki. Chuo cha muziki kilichofunguliwa 2002 katika jumba la zamani la forodha, Mizingani, kilikuwa kikifundisha ganuni na udi na fidla, na nilipita nje nikisikiliza dirishani, lakini niliona si kwetu. Tukaishia kwenye mahoteli. Hotelini anayelipa anataka rege, na ule wimbo wa kuwakaribisha wageni, mara tatu kwa usiku, na tabasamu. Zetu tulizipiga mwisho, wageni wakishaondoka, wahudumu wakipangua viti.

Tulikuwa tukirudi mjini saa nane za usiku nyuma ya pikapu. Miili imechoka, vichwa bado vinawaka. Rafiki yangu akaanza na bangi ili alale. Kisha kokteli, bangi iliyochanganywa na unga. Kisha unga wenyewe. Mimi sikuugusa, lakini nilifanya kitu ambacho nakiona kibaya zaidi: nilimtazama kwa heshima. Nilikuwa nimesoma kwamba Cobain alikuwa na maumivu ya tumbo ya miaka mingi, madaktari hawajui sababu, na kwamba heroini ilianza kama dawa ya tumbo lile. Kichwani mwangu hiyo ikawa sehemu ya njia. Rafiki yangu aliposinzia maskani, mdomo wazi, wengine wakimwita teja, mimi nilimfunika shati nikijiambia kwamba hawa hawaelewi wasanii. Angekuwa mdogo wangu wa damu ningempigia kelele mtaa mzima. Alikuwa mpiga besi, nikamwacha.

Tarehe 10 Desemba 2009 umeme ulikatika Unguja nzima. Umeme wetu unatoka Bara kwa kebo inayopita chini ya bahari na kuingilia Fumba, na huko ndiko kulikoharibika. Mwaka uliotangulia tulikaa gizani karibu mwezi. Safari hii ikawa miezi mitatu, mpaka Machi 2010. Waliokuwa wadogo hawatakumbuka ilivyokuwa: pampu hazifanyi kazi kwa hiyo maji hakuna, ndoo zinapangwa kisimani tangu alfajiri, samaki anaoza, cherehani za umeme kimya, na katika vichochoro vya Mji Mkongwe jenereta zimefungwa mnyororo kwenye nguzo zinanguruma mpaka unasahau mji una sauti gani nyingine. Sisi hatukuwa na jenereta. Amplifaya zikawa masanduku ya kukalia.

Jirani wa binamu yangu, mzee wa Miembeni, alikuwa mpiga kidumbak wa zamani. Alikuwa na sanduku lake, lile la mbao lenye fimbo na kamba moja, linalotoa besi, na fidla aliyoifunga plasta shingoni. Jioni moja tumekaa barazani, kandili moja, mbu wengi, akaniambia nimletee hilo gitaa langu alisikie.

"Bila umeme halitoi sauti, mzee."

"Linatoa. We mwenyewe huisikii. Lete."

Nikapiga. Gitaa la umeme lisilo na umeme lina sauti nyembamba kama ya mtu anayeongea nyuma ya mlango. Akasogeza kichwa karibu kabisa na mkono wangu. Nikaimba ule wimbo wa tezo, nusu sauti, maana nilikuwa sijapata kuuimba bila kupiga kelele. Aliponyamaza yeye nikajua nimekwisha.

"Maneno mazuri," akasema. "Lakini uzi huo wa chini unalia vibaya. Una nini?"

Nikamwonyesha njiti. Akasogeza kandili, akaitazama sana, akacheka kidogo. "Na siku zote hizi unapiga hivi hivi?"

"Kwenye umeme haisikiki."

"Wasioisikia ni wao. Wewe unaisikia, mwanangu."

Tukawa tunapiga kila usiku barazani kwake kwa miezi ile. Yeye sanduku, mimi gitaa, mtoto wa jirani akitikisa cherewa. Alinihadithia Siti binti Saad, mtoto wa hukohuko Fumba kebo inakoingilia, aliyekuwa akiuza vyungu kwa miguu mpaka mjini, na ambaye 1928 alivuka bahari kwenda Bombay kurekodi. Walimcheka ufukara wake na sura yake, na yeye akawajibu kwa nyimbo. Mzee alikuwa akisema Siti hakuweka kitu: alichoumizwa nacho asubuhi, usiku alikwisha kukiimba, kesho yake anaanza upya. Neno hilo nilirudi nalo Michenzani usiku ule kwa miguu, gizani, nikihesabu miaka niliyouhifadhi uchungu mmoja.

Nilikuwa na kaseti nyingine, ya onyesho ambalo Nirvana walilipiga New York 18 Novemba 1993 kwa magitaa ya mbao na mpiga selo. Nilikuwa siipendi sana. Haikuwa na kelele. Sasa, kwa redio ya betri, nikaisikiliza kila siku. Nyimbo kumi na nne, na sita kati yake si zake, ni za watu wengine aliowapenda. Fikiria: mtu mashuhuri kuliko wote wa muziki ule, na karibu nusu ya usiku wake anawapisha wenzake. Niliyemsikia humo alikuwa mwanafunzi, mtu aliyekaa na nyimbo za watu, akazichambua kama sisi tunavyochambua karafuu, akaandika madaftari kwa madaftari, akarudia na kurudia. Kazi ile ndiyo iliyofanya nyimbo. Ugonjwa ulikuwa ugonjwa tu, ulikaa pembeni ukimla.

Wakati huohuo rafiki yangu akauza besi gitaa. Aliniambia ameliazimisha. Nikalikuta Darajani limening'inizwa kati ya feni na pasi, na ule mkanda aliokuwa akiuvaa bado umo. Sikuwa na pesa ya kulinunua. Wiki moja baadaye alikuja kwangu akiwa na arosto, anatetemeka kwenye joto la Januari, kamasi, machozi, anajikunja tumbo, na hakuna umeme, hakuna maji ya kumwogesha ila ndoo moja. Usiku ule niliona ile "njia" niliyokuwa nikiiheshimu. Haikuwa na wimbo ndani yake. Kulikuwa na mtu anayeomba afe, na mimi ninayemshika kichwa, na jenereta ya mtu mwingine ikinguruma mtaa wa pili.

Asubuhi nilimwendea mama yake. Nilipaswa kumwendea miaka miwili kabla. Nikamwambia, "Shikamoo mama, nimekuja kuomba radhi," nikamweleza yote, na yeye akasema alikuwa akijua, alikuwa akisubiri mmoja wetu aseme. Walimpeleka nyumba ya kuacha unga, ile wanayoiita soba. Akatoka, akarudi unga, akapelekwa tena. Safari ya tatu ilishika. Yuko hai, ana duka la simu, ana watoto. Besi hapigi tena. Anasema vidole vinamkumbusha.

Mimi nilitimiza miaka ishirini na saba mwaka 2012. Kila anayempenda Cobain anaijua namba hiyo, maana alijiua Aprili 1994 akiwa na miaka ishirini na saba, mwaka uleule tezo ilipoondoka ukutani kwetu. Nilikuwa nimezijua tarehe zake zote kwa muongo mzima, na moja nilikuwa nikiipita juu juu: binti yake alizaliwa Agosti 1992. Alipofiwa na baba hajatimiza miaka miwili. Sasa na mimi nilikuwa na binti, mwaka mmoja na nusu, aliyekuwa akinifuata nyumba nzima akishika suruali. Usiku mmoja nikamwona anakula uji, kijiko mkono wa kushoto. Mke wangu akakihamishia kulia bila kuwaza, kama ilivyofanywa tangu enzi, na mtoto akakirudisha kushoto. Nikatoka nje. Nikatafuta zile barua za baba. Zilikuwa kumi na tisa.

Nilivuka kwenda Mkoani mwanzoni mwa 2013, gitaa begani. Niliisikia harufu ya sifa kabla sijakiona kibanda. Alikuwa amezeeka, mgongo umepinda, anatia kalafati kwenye mashua iliyolazwa ubavu. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama, akaita mtu alete chai. Hatukuzungumza jambo lolote la maana kwa muda mrefu. Aliuliza habari za bibi, marehemu wakati huo. Za bei ya karafuu. Za meli, kama ilichafukwa. Kisha akaniomba hicho nilichokibeba.

Hakulitazama kama chombo cha muziki. Alilitazama kama mbao. Akaligonga mgongoni kwa kifundo, akafuata shingo kwa jicho moja kutafuta kama imepinda, akapitisha kidole gumba juu mpaka kwenye kile kipande cheupe, na kidole kikasimama.

"Nani kakuwekea kijiti hapa?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Mifereji ni ya mkono wa kulia."

Hakusema kitu. Aliingia ndani akatoka na kipande cha pembe ya ng'ombe, msumeno mdogo na tupa nyembamba. Akalegeza nyuzi zote sita, akakipigapiga kile cheupe kikatoka, ile njiti ikaanguka mchangani. Akapima pembe kwa kile cha zamani, akaikata, akakaa chini juu ya gogo, pembe ameibana katikati ya vidole vya kulia, tupa mkono wa kushoto. Unga mweupe ukawa unamwangukia gotini.

"Uzi mnene unakaa upande gani?" akauliza.

Nikamwonyesha. Akachonga mfereji, akaujaribu kwa uzi, akaongeza kidogo, akaujaribu tena.

"Na unaofuata?"